Barasa, Mimi Sijapona

Kaka yangu Barasa,

Niaje? Naanza hivyo kwa sababu hukuwahi kunisalimia vingine, hata ulipokuwa huna pumzi ya kumaliza neno.

Nimekasirika na sina wa kumwambia. Mwaka uliofuata kifo chako walinibadilishia mapafu kule India. Mimi, niliyekuwa nikipumzika kila baada ya ngazi mbili, sasa napanda hadi ghorofa yetu ya nne hapa Donholm na mtungi wa maji mkononi. Sikohoi. Kifua kimenyamaza hadi mwanzoni nilikiogopa.

Lakini kila mtu ananiambia nimepona. Shangazi akiniona na barakoa anauliza, "Si ulipewa mapafu mapya? Hiyo ya nini tena?" Nimeeleza mpaka mdomo umekauka. Kwamba mwili unayaona mapafu haya kama mgeni aliyeingia bila hodi, na nikiacha dawa utayafukuza. Kwamba dawa hizo hizo zinaulegeza ulinzi wangu, mafua ya mtoto wa jirani yanaweza kunilaza hospitali. Na kwamba cystic fibrosis yetu, ugonjwa tuliozaliwa nao, haikutolewa pamoja na mapafu ya zamani. Iko tumboni. Bado nameza vidonge vya kusaga chakula kila ninapokula, kama tulivyokuwa tukimeza pamoja mwaka wako wa mwisho, na jasho langu bado lina ile chumvi. Dawa za mapafu nazo zimenifurisha uso. Nikisema nimechoka, naambiwa nadeka.

Jumapili iliyopita Mama alinipeleka kanisani nitoe ushuhuda. Hata gauni alinishoneshea. Mchungaji akanipa maikrofoni, akasema, "Waambie Bwana amekuponya." Kina mama walikuwa tayari kupiga vigelegele. Nikakukumbuka wewe, miaka yote ile ukitibiwa TB na wala haikuwa TB. Nikasema:

"Namshukuru Mungu niko hai. Lakini sijapona. Kuna mtu alikufa ndipo nikapata pumzi hii, na kaka yangu alikufa bila kuipata. Tafadhali msiniambie nimepona."

Hakuna aliyeitikia amina. Mama akainuka, akatoka nje.

Nyumbani alikaanga omena huku akigonga sufuria kama zimemkosea. Chakula kilipofika mezani akanisogezea vidonge vyangu, akasema, "Nilitaka mmoja wenu apone, Nekesa. Mmoja tu."

Kisha akalia, Barasa, vile hakulia hata siku tulipokuzika. Nikameza vidonge, tukala.

Nisikudanganye, hasira bado ninayo. Nawakasirikia waliokutibu bila kukuchunguza sawasawa. Nakasirika kwamba tuliugua wawili na mapafu yakapatikana ya mmoja, tena umeshaenda. Wakati mwingine nakukasirikia wewe, kwa kuniacha niyaeleze haya yote peke yangu.

Ila tangu siku ile Mama haniiti aliyepona. Asubuhi ananiuliza, "Umeamkaje?" halafu anatulia, anangoja jibu.

Basi pumzika, kaka. Kupona siwezi kukuahidi. Ninachokuahidi ni kumjibu Mama ukweli kila asubuhi, hata siku ambayo ukweli wenyewe utakuwa mbaya.

Dada yako,
Nekesa