Makubadhi Niliyokata Bila Kipimo

Mwanaesha mke wangu,

Nakupa salamu ile wanayopewa watu wa makaburini, na juu yake nakuongezea yangu. Usishangae mwandiko. Maimuna alitaka niseme yeye aandike, nikamwambia lete kalamu hapa, mimi nilikaa chuoni kabla ndugu zako hawajajua kufunga shuka. Mstari ukipinda, ufuate tu.

Maimuna ndiye yule mtanga, kichanga uliyemwacha ana siku tisa. Ameolewa, mtaa wa pili tu. Kaka zake wawili wana nyumba zao. Humu nimebaki mimi na paka, na paka mwenyewe haniheshimu.

Hukuyaona ya siku ya hitima yako. Mamako alikuja na ndugu zako kuwagawa watoto: huyu aende Pate, huyu Lamu, kichanga akae kwake. Nikasema watoto si nyama ya sadaka. Wakaniuliza, "Mwanamume atalea?" Nikalea! Minazi ya baba ikatulisha. Mimi, Kombo, ambaye bibi harusi wa Siyu hatoki ndani ila amevaa makubadhi yangu, nilitia visu vya ngozi na msharasi wa kushonea kikapuni, nikakitundika kwenye boriti. Nikaosha mtele, nikakuna nazi, nikamnywesha mtoto maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Wanaume walipita ndiani wakiita, "Bi Kombo, leo umepika nini?" Nami nawajibu, "Ndoo nawe ule, mkeo hajui kupika!" Kilichonishinda ni nywele za Maimuna. Mikono imezoea ngozi, ikavuta mno, mtoto akalia. Nami nikageuka upande wa pili nikalia, asinione.

Basi harusi ya Maimuna ilipokwisha nikakishusha kikapu. Visu vimeshika kutu. Nikavinoa, nikaenda karakana ile ile iliyokuwa yangu. Sasa ni ya Omari, unamjua, niliyemfundisha kushika kisu. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo, Fundi," kisha akanikalisha mlangoni niloweke ngozi. Pale pa wanaoanza, Mwanaesha. Nikakaa.

Siku chache baadaye ukaja ukuti kutoka Faza. Ni kama zamani, mwanamke hapimwi unyayo na fundi. Hukata ukuti urefu wa mguu wake, akaupiga fundo kuonyesha upana, akautuma. Mwenye ukuti alikuwa bibi harusi. Omari akaniambia, "Fundi, wenyewe wanataka kazi ya zamani. Ishike wewe. Lakini upime."

Hilo "upime" likanichoma. Mbele ya wote nikauvunja ule ukuti vipande, nikautupa nje. "Mimi hupima kwa mato," nikasema. "Naangalia fundo mara moja, yamekwisha."

Nilishona siku tatu. Kazi ilitoka, wallahi. Nyota kisiginoni, ukanda wa gidamu laini kama sikio la mtoto. Nilirudi nyumbani nikijisemea, mikono yangu imerudi.

Makubadhi ndiyo yaliyorudi. Na maneno juu: bibi harusi akivaa, kisigino chote ki nje ya ngozi, na harusi ni Ijumaa.

Wanagenzi wakainamia kazi zao. Afadhali wangenicheka. Omari akayachukua, akayageuza, akayatazama sana. Kisha akasema polepole, nisikie mimi tu, "Fundi, huu ni mguu wa Bi Mwanaesha."

Yeye ndiye aliyekuwa akikuletea nyumbani jozi yako kila Idi. Alijua.

Nikayashika, nikayaona mwenyewe. Mikono yangu haikusahau kazi miaka yote hiyo. Ilisahau miguu ya watu wengine wote.

Omari akaomba ukuti mwingine kutoka Faza, akakaa aikate kazi mwenyewe. Nikamwomba aniachie. Sikiliza vizuri, nilimwomba. Nikaulaza ukuti juu ya ngozi mara tatu, wanagenzi wote wakinitazama, nikaweka alama kwa mkaa kama mtu aliyeanza jana. Ijumaa ile bibi harusi akavaa. Hayakurudi. Jumamosi nilikuta Omari amehamisha kigoda changu, amekiweka ndani, kando ya chake. Nami sikumshukuru. Unanijua.

Ile jozi ndogo nilikuja nayo nyumbani. Maimuna alipokuja kunitazama akajaribu kuvaa. Miguu amechukua yangu, mipana, ikakwama kwenye gidamu. Akakaa chini, akatia kiganja chake ndani mpaka mbele kabisa, akakiacha humo.

"Baba, mama alikuwa mdogo hivi?"

Nikamwambia ndiyo, mdogo hivi.

Miaka yote ile nilimpikia, nikamwogesha, nikamsuka vibaya, wala sikumwambia chochote juu yako. Nilidhani nikifungua mdomo nitashindwa kuinua sufuria. Akauliza ulikuwa ukitembea vipi. Nikasimama, mzee mzima, nikamwonyesha. Akacheka mpaka machozi, kisha yakawa machozi matupu, yake na yangu.

Nakuahidi, kila akija nitamwambia jambo moja lako, mpaka yaishe au niishe mimi. Na kazini nitapima, kila mguu, hata wa mtoto.

Lala, mke wangu, Mola akupe nafasi. Makubadhi yako yapo mlangoni, pale pale ulipokuwa ukiyavua. Paka nimemkataza.

Mumeo,
Kombo