Wiki Ambayo Chelangat Alipika Baga

Jumanne, 8 Julai
Nimetoka kuchuma majani chai saa nne. Mvua. Binti yangu Chelangat yuko jikoni tena. Leo sandwichi: mayai, nyanya, kitunguu, mkate wa jana ameuchoma kidogo kwa makaa. Yangu aliifunika na sahani. Nimekula nikiwa nimesimama, gamubuti miguuni. Sijui ilikuwa tamu au la. Tangu shule ipige simu kwamba bweni limeungua, niko hivi. Siku ya kumi na mbili.

Chelangat alitoka mzima. Rafiki yake Moraa aliungua mikono yote miwili, bado amelazwa. Watu wananiambia nishukuru Mungu. Mdomo unashukuru.

Jumatano, 9 Julai
Pitsa. Hatuna oveni. Ametia mchanga kwenye sufuria kubwa, ndogo ndani yake, mfuniko, makaa juu. Unga aliukanda karibu saa nzima. Hauhitaji yote hayo. Baba yake alikula vipande vitatu, akauliza ugali umekosa nini. Hakuna aliyecheka.

Chelangat hali anachopika. Nimegundua leo tu. Mama gani mimi.

Ijumaa, 11 Julai
Mwalimu mkuu amepiga simu. Jumatatu wasichana wote wa bweni lile waende shuleni, kila mmoja na mzazi. Inasemekana moto uliwashwa makusudi. Wanamtaja msichana wa kidato cha nne aliyegombana na matroni.

Nilimwambia Chelangat. Akaendelea kukata vitunguu. Halafu akatoka nje, akaacha kisu na vitunguu hapo hapo.

Jumamosi, 12 Julai
Amesema.

Nilikuwa nimeleta nyama ya kusaga kutoka sokoni Sosiot. Baga. Yeye anaviringa nyama, mimi napasua mikate.

"Mama, ni mshumaa wangu."

Stima ilipotea alfajiri, wakati wa kusoma. Akawasha mshumaa juu ya sanduku, akasoma kitandani, usingizi ukamchukua. Aliamka godoro linawaka. Moraa alimvuta nje, kisha akarudi kupiga moto kwa blanketi. Ndiyo sababu ya mikono. Moraa anajua yote. Hajamwambia mtu.

Sikumpiga. Sikumkumbatia. Niligeuza nyama isiungue. Ninaandika hili kwa sababu naona aibu. Mtoto analia nyuma yangu na mimi nageuza nyama.

Jumapili, 13 Julai
Sikuenda kanisani. Nilimwambia baba yake baada ya chai. Akasema tunyamaze, yule wa kidato cha nne ana wazazi wa kumtetea. Akaenda kuangalia ng'ombe. Ningekubali. Kunyamaza ni rahisi ukiwa umekufa ganzi.

Saa nane nikamkuta Chelangat amevaa sare ya shule. Baga nne amezifunga kwa karatasi. Akasema anataka mama yake Moraa ajue kabla ya mwalimu. Nikavaa viatu.

Mama Moraa ni Mkisii, anachuma chai kwenye kampuni, miaka mingi sasa. Tulimkuta hospitalini, kando ya kitanda cha Moraa. Chelangat alisema akiwa amesimama. Hakuficha kitu. Mama Moraa alinyoosha shuka.

"Nilijua," akasema. "Huyu akilala anaita, Chelangat amka, Chelangat amka. Nilikuwa nangoja nione kama mtakuja."

Nikasema tunaomba msamaha. Maneno yalikuwa madogo.

"Kusamehe sijui bado, mama Chelangat. Lakini keti."

Nikaketi. Moraa akauliza kuna nini kwenye karatasi. Mikono yake imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Chelangat alimlisha kipande kwa kipande, akimfuta mdomo.

"Chumvi imezidi," Moraa akasema. Akaimaliza.

Jumatatu, 14 Julai
Shuleni. Baba yake alikuja. Sikumwomba. Aliketi na kofia magotini.

Chelangat alieleza, mwalimu mkuu akaandika. Yule wa kidato cha nne ameambiwa arudi darasani. Wetu akae nyumbani mpaka bodi ikutane. Huenda wasimrudishe. Mama yake yule msichana alinipita langoni, hakunisalimu. Ana haki.

Tukarudi nyumbani. Nilitaka kuhisi nafuu. Haikuja.

Alhamisi, 17 Julai
Hakuna mvua. Tumechuma pamoja, mistari mitatu. Chelangat anachuma vibaya, anachanganya na majani magumu. Nilimwonyesha tena: majani mawili na chipukizi. Akajaribu. Mchana ugali na mboga ya sagaa, tukala sote watatu.

Bodi bado.

Kesho anarudi hospitali kumchana Moraa nywele. Mama Moraa anaingia kazini mapema, hawezi. Chelangat ameuliza kama anaweza kuchukua kitana changu. Nimemwambia achukue.