Pedali ya Tatu

Majengo, Meru
12 Agosti 1986

Kaka Riungu, huko Manyatta,

Natumaini kahawa yako inaendelea vizuri. Sisi tuko salama kiasi, ila hili gitaa la pedali uliloniachia limenichosha. Kila fundi hapa Meru akiliona anauliza, "Hii Dorvik ni kampuni ya wapi?" Spea hazipatikani. Pedali ya tatu ukiikanyaga inavuta nyuzi sawasawa, lakini ukiiachilia sauti hairudi chini. Ulinionya, nami nikadhani ni mguu wako tu ulio mzito.

Jumamosi tulimzika Mama kule Kianjai. Najua habari ilikufikia, maana jirani yetu Misheck alikukabidhi barua mkononi. Mama alikuwa ameomba nimpigie wimbo wake wa kanisani. Nilianza vizuri, lakini kwenye ubeti wa pili pedali ikakwama, wimbo ukaharibika mbele ya watu wote. Nilitaka kulipiga teke. Dada yetu Kiende akaninong'oneza, "Achana nayo, Marete. Tutaimba tu." Wakaimba mpaka mwisho, mimi nimekaa mikono mapajani.

Wiki moja kabla hajafa, nilikuwa nafanya mazoezi kando ya kitanda chake. Akafumbua macho, akauliza, "Riungu amekuja?"

Nikamjibu, "Ndiyo, Mama, ni Riungu." Nikapiga kwa mtindo wako, polepole, mpaka akapata usingizi.

Nilimdanganya kwa ajili yako, kaka. Kumwambia ukweli ni kazi yako, na kaburi unalijua liliko.

Ni mimi mdogo wako,
Marete