Mtu wa Tano

Jumatatu, 13 Januari 2025

Muhula umeanza kwa tangazo. Limebandikwa kwenye mlango wa idara, muhuri juu, saini chini: yuniti yoyote ya mwaka wa nne yenye wanafunzi chini ya watano haitafundishwa. Mwisho wa kuhesabu ni Ijumaa ya tarehe saba Februari, saa kumi na moja jioni.

Kwanta ya Pili, yuniti yetu ya fizikia, tuko wanne. Mimi, Fidel, Quinter, Clifford.

Kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa darasa, nimeingia kumwona Bi Philister, karani wa idara. Nikamuuliza kama wanne na nusu inakubalika. Hakucheka. Amesema yuniti ikifungwa tutahamishiwa takwimu, na hata shahada itabadilishwa jina. Fizikia Nadharia itatoka, itabaki Hisabati Tumizi peke yake. Amelisema kama mtu wa duka anayekwambia soda baridi zimekwisha, chukua ya moto.

Miaka minne! Mimi nilitoka shule kidato cha pili. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, miaka ishirini na saba, fundi wa kusuka mota, mikono ina vanishi. Sasa nina thelathini na nne. Hakuna aliyenisukuma kufika hapa. Na mtu mmoja pungufu ndiye atakayenirudisha?

Jumatano, 15 Januari

Nimepiga hesabu. Mwaka wa nne wote, sayansi na ualimu pamoja: 212. Waliosoma Kwanta ya Kwanza: 11. Waliofaulu: 8. Toa sisi wanne, wanabaki wanne ambao idara inaweza kuwakubali.

Wa kwanza yuko mafunzoni Kipevu, bandarini kwenye makontena, harudi hadi Mei. Wa pili amenijibu kwamba Kwanta ya Kwanza alifaulu kwa maombi na hataki kumsumbua Mungu tena. Wa tatu ameniuliza itamsaidia nini. Nikaanza kumweleza, akaangalia saa.

Amebaki mmoja. Nadira Mwidani, wa Ualimu, anatoka Likoni. Huketi nyuma karibu na dirisha. Sijawahi kumsikia akiuliza swali.

Ijumaa, 17 Januari

Nimempata nje ya maktaba. Nikamwita jina, akaitika abee, akasimama akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza — jambo ambalo chuoni hapa si la kawaida.

Nimemwambia wazi. Simwombi asome, namwomba jina. Mazoezi nitamwandikia mimi. Mtihani nitamfundisha wiki mbili kabla, apate arobaini za kufaulu, aende zake. Amesema ana yuniti saba tayari, hii itakuwa ya nane. Nikasema ya nane haina uzito, ni jina tu.

Akaniuliza kwa nini naitaka hivyo. Sikuwa nimejiandaa. Nimesema kila mota niliyowahi kuifungua nilijua inazungukaje, ila sikujua kwa nini inazunguka. Kila kitabu kinanisogeza ndani kidogo, na ninaamini Kwanta ya Pili iko ndani zaidi. Nikaona aibu nilipokwisha kulisema. Yeye akasema haya, kaka Kyalo, niandike.

Sababu ya pili sikumwambia. Kila mwaka Dkt. Wafula, anayefundisha yuniti hii, hupeleka jina moja kutoka darasani — mwanafunzi mmoja, skuli ya fizikia nadharia ng'ambo, wiki sita. Wengi wakifika huko huonekana, huitwa waendelee na masomo. Mwaka huu jina ni langu. Sijaambiwa, lakini najua kuhesabu. Wastani wangu 74. Quinter 66. Fidel 61. Clifford tusimtaje.

Jumanne, 21 Januari

Bi Philister ameandika 5 kwenye daftari lake. Nimemwangalia akiiandika.

Zoezi la kwanza limetolewa. Langu limekuja kurasa nne. La Nadira nimelinakili kwa mwandiko mwingine, nikatia makosa mawili ya makusudi, moja ukurasa wa pili, moja wa nne, ili Dkt. Wafula asishuku. Makosa ya kiwango chake. Kazi safi, nimempa aipeleke.

Alhamisi, 23 Januari

Nadira amenirudishia karatasi zangu. Kwa adabu, ndani ya bahasha. Amesema ahsante sana, lakini ameona makosa, amelifanya upya mwenyewe na kulipeleka. Nikamwambia ndiyo, ni mawili, niliyaweka kwa kusudi. Akasema yamekuwa matatu, kaka.

La tatu liko ukurasa wa tatu. Ile jumla ndefu. Niliikata vipande, ukurasa mzima, nikapata nambari ndogo, sufuri nukta sufuri nane. Jibu ni sufuri. Yeye hakuikata. Amesema mchoro wa jumla hiyo upande wa kulia uko juu ya mstari, upande wa kushoto uko chini ya mstari kwa kiasi kile kile. Akanionyesha kwa viganja: ukiukunja katikati kama mkeka, pande mbili zafutana. Mstari mmoja.

Kosa hilo hilo liko kwenye zoezi langu. Nimelipeleka jana.

Jumapili, 26 Januari

Karakana, Changamwe. Mota ya pampu, waya zimeungua zote. Koili ni mizunguko 42. Nimesuka, nikahesabu, 41. Nimeifumua. Miaka kumi na minne ya kazi hii sijawahi kufumua koili yangu mwenyewe.

Mwende, mke wangu, ameniuliza nani ameniudhi. Nikasema msichana mmoja wa Likoni. Akaacha kuchambua mchele. Imebidi nimweleze jumla yote, na mkeka. Alipoelewa akarudi kwenye mchele wake. Amesema hilo la mkeka hata yeye limemwingia kwa mara moja. La kwangu la miaka minne bado.

Jumanne, 28 Januari

Mazoezi yamerudi. Mimi 14 kwa 20. Nadira 19. Moja amekatwa kwa kuruka hatua, alidhani ziko wazi.

Zamani Dkt. Wafula akikwama ubaoni aliangalia upande wangu. Leo ameangalia dirishani mara tano. Na huyo wa dirishani hajisogezi mbele hata kiti kimoja. Anajibu kwa sauti ndogo, darasa zima linageuka kumsikia. Watu watano, lakini linageuka.

Fidel ameniinamia sikioni. "Buda, ulileta mtu wa kujaza daftari, sasa anajaza ubao." Amecheka mpaka Quinter akamkanyaga mguu. Hawa ndio niliozunguka chuo kizima kuwaokoa!

Ijumaa, 31 Januari

Dkt. Wafula ameniita ofisini. Kiti cha wageni kimejaa vitabu, nikasimama. Ameanza kwa kuniuliza habari za karakana. Hapo nikajua.

Barua ya ng'ambo imefika. Jina linatakiwa mwezi huu unaoingia, na lazima liwe la mwanafunzi aliyesajiliwa Kwanta ya Pili. Atapeleka la Nadira. Ananiambia mimi kwanza kwa sababu ananiheshimu. Nisimwambie yeyote, Nadira mwenyewe hata kidogo, mpaka yuniti ithibitishwe tarehe saba.

Akasema, "Kyalo, sijafundisha mchapakazi kama wewe."

Neno hilo nalijua. Ndilo wanalompa fundi siku wanayoajiri injinia.

Nimesema sawa, daktari. Nikafunga mlango taratibu, bila kelele. Nimejichukia hata kwa jinsi nilivyoufunga. Nilikwenda kuomba jina, likaja na mtu.

Jumatatu, 3 Februari

Sikwenda darasani. Mota tatu.

Jumatano, 5 Februari

Fidel amepita karakana na noti za Jumatatu. Si zake, ni za Nadira. Aliona sikuja, akaninakilia zote, kurasa sita, mwandiko safi. Pembeni ameweka alama ndogo za penseli na maelezo, kila mahali anapodhani mtu anaweza kukwama.

Nimezisoma kwa kusudi la kutokwama. Nimekwama pale pale penye alama. Mara tatu.

Afadhali angekuwa na majivuno. Mtu wa majivuno unajua pa kumshika.

Ijumaa, 7 Februari

Saa kumi na dakika tano. Niko kwenye benchi nje ya idara. Nadira amekwenda kuswali alasiri. Chumba cha akina dada kiko upande wa pili wa uwanja, mlango nauona nikiwa hapa. Fomu yake iko mapajani mwangu. Ni fomu ya kujitoa kwenye yuniti. Imejazwa yote isipokuwa saini mbili — yake, na ya kiongozi wa darasa.

Alikuja saa tisa na nusu. Akanisalimu, akauliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, za karakana, zote kwa zamu, mpaka nikachoka kungoja. Kisha akatoa barua. Watu wa Ualimu wamemwandikia. Yuniti nane haziruhusiwi kwa anayekwenda mafunzo ya kufundisha. Aache moja leo hii, au mafunzo yake yasubiri mwaka mzima. Saba ni za lazima. Ya hiari ni hii moja.

Kuna shule huko kwao Likoni imekwisha kumwahidi nafasi. Mama yake amemuuliza hiyo nadharia watu huajiriwa wapi.

Halafu akasema lile lililomleta. Naliandika kama alivyolisema.

"Kaka Kyalo, nambia kweli. Daktari anisifu, lakini ataka yuniti yake isifungwe. Fidel anisifu, lakini Fidel ni mzaha. Wewe hunipendi. Nimeliona tangu lile zoezi. Basi wewe ukinambia naiweza, nitaamini, na huo mwaka nitaungoja. Ukinambia ulitaka jina tu, natia saini, na wallahi sitakukasirikia."

Adhana ikaanza. Akainuka, akasema akirudi nimpe jibu. Na kama ni la kutia saini nimwazime na kalamu, yake imekwisha wino.

Basi napiga hesabu.

Nikisema anaiweza: yuniti itafundishwa. Shahada yangu itabaki na jina lake lote. Yeye atachelewa mwaka mmoja, na atakwenda ng'ambo. Hilo la ng'ambo halijui. Mimi nalijua.

Nikisema nilitaka jina: anatia saini, namalizia, tunarudi wanne. Saa kumi na moja Bi Philister anafunga daftari. Takwimu. Huko sioni wa kunishinda, nitakuwa wa kwanza darasani. Ng'ambo hakuna atakayekwenda, si mimi si yeye. Na sitakuwa nimesema uongo! Jina ndilo nililolitaka. Nilimwambia hivyo mwenyewe nje ya maktaba.

Majibu yote mawili ni ya kweli. Hilo ndilo linalonikera. La kwanza linanipa somo na kumpa yeye nafasi. La pili linamnyima yeye nafasi na mimi linaninyima somo. Mtu yeyote mwenye akili timamu, mtu wa kazi, mtu wa kuhesabu, anachukua la kwanza bila kutafuta karatasi. Na mimi nimegeuza ukurasa wa pili sasa, bado naandika.

Inamaanisha kuna kitu sijakiingiza kwenye hesabu. Nakijua. Sitaki kukiandika.

Saa kumi na dakika ishirini. Bi Philister amechungulia dirishani, ameuliza kama bado ni watano, anataka kuandaa orodha. Nimemwinulia mkono kwamba nakuja. Sijui amesoma nini kwenye mkono huo. Amerudi ndani.

Wanatoka. Nimemwona Nadira, ameinama mlangoni anafunga viatu. Mwenzake amemwambia jambo, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana miaka ishirini na miwili. Umri huo mimi nilikuwa nabeba mota mgongoni, na hakuna aliyenifuata kuniomba jina langu kwa lolote.

Anavuka uwanja. Hana haraka. Ameona kwamba naandika, amepunguza mwendo. Sasa amesimama hatua kama sita kutoka hapa, mikono mbele, anangoja nimalize. Hataki kunikatiza.

Kalamu ninayo hii moja. Nikiacha kuandika itabidi nimpe, au nimwambie anaiweza.

Saa kumi na dakika ishirini na nane. Naandika.