Bibi Aliyefika Jumamosi

Baraka, Jumapili, baada ya ibada

Mama Riziki wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kabla ya watu wote, maana najua barua hii itasomwa na Riziki kwa sauti kubwa pale jikoni, na mama mukwe atasema, "Rudia hapo, sikusikia." Basi Riziki, mwanangu, ukifika hapa simama. Mpe mama yako karatasi asome mwenyewe. Anajua kusoma kuliko anavyokubali.

Sasa tuko wawili. Unaendelea namna gani? Mguu wa mama mukwe umepungua kuvimba? Na ile mihogo ya shamba la juu, mliivuna kabla ya nguruwe wa porini, ao waliwatangulia tena? Mimi niko mzima. Tumbo limeingia ndani kidogo, usifurahi sana, ni kwa kukosa mpishi. Nywele za mbele zimeniaga. Kikohozi cha vumbi la chaki kipo palepale, tumezoeana.

Naandika kwa sababu simu yetu si simu ya mume na bibi yake. Unapanda kile kilima kutafuta network, unakuta watu kumi nao wanatafuta, na kila nikikuuliza neno unajibu "ndiyo" kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Halafu yale ninayotaka kukuambia leo ni makosa yangu, na sipendi kilima kizima kiyasikie kabla yako.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba nafundisha Kiingereza. Ukweli wake ni huu. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanajitayarisha kwa mtihani wa serikali, na siku ya Kiingereza wanapewa habari fupi, mistari kumi ao kumi na miwili, chini yake maswali, na kila swali na majibu matano ya kuchagua. Sisi tunaita teksti. Kitabu cha teksti tuko nacho kimoja, na mtu alikata kurasa za katikati, labda alifungia karanga. Kwa hiyo kila Jumapili natunga teksti mwenyewe, na Jumatatu naiandika ubaoni, wanainakili kwenye kaye, daftari zao. Kiingereza chenyewe nilikipata kwa mwalimu ambaye hakuwahi kumwona Mwingereza, na mimi pia sijamwona. Tunapitishiana ndoo ya maji, na njiani inamwagika.

Mwaka wa kwanza nilitunga habari za wafalme na theluji. Darasa lote lilisinzia. Siku moja habari ziliniishia, nikaandika juu ya ile mbuzi yako iliyoingia kanisani ikatafuna nusu ya kitabu cha nyimbo. Mama, watu waliamka! Tangu siku hiyo sikutunga tena cha mbali. Niliandika mguu wa mama mukwe. Niliandika Riziki na maharagwe aliyoyakataa mpaka yakaota ndevu. Niliandika wewe siku ya soko na bidoni yako ya mafuta ya mawese, unavyokataa kupunguza bei huku unacheka. Sikukuomba ruhusa, unisamehe. Hapa Baraka kuna vijana arobaini wanaokujua kuliko shemeji zako. Safi, msichana aliye mkuu wa klasi, ambaye mdomo wake haulali, aliniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, koko mguu iliisha pona? Ju mu teksti ya juzi ulimuacha angali analala chini." Nikalazimika kumwinua huyo koko wao, mama mukwe, wiki ile ile.

Sasa unaelewa: wanafunzi wangu hawasomi teksti kama mtihani tu. Wanasoma kama habari zangu. Na zote zilikuwa kweli, mpaka wiki mbili zilizopita.

Jumapili hiyo nilikuwa peke yangu. Jumapili za hapa ni ndefu. Mama Zaina, mwenye nyumba yangu, alikuwa Mboko kumsalimu dada yake, na watoto wake walikuwa ziwani kwenye mitumbwi yao. Nilipika bugali. Bugali ya mtu mmoja ni kazi ngumu: ukipika kidogo inaungua, ukipika nyingi inalala, kesho unaikuta inakutazama. Nilikula nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa kutunga teksti. Kwa somo la wakati uliopita nilihitaji mambo yanayofuatana moja baada ya jingine, na kalamu yenyewe ikaandika kwamba bibi yangu alifika Jumamosi. Alitoka kwenu Kilembwe kwa pikipiki, na kuku wawili na beseni ya unga. Alicheka shati langu. Alifagia nyumba, akasema inanuka chaki. Nikaweka na maswali matano. Sijawahi kuandika teksti haraka hivyo. Niliisoma mara tatu. Nikajiambia, hii ni Kiingereza tu.

Jumatatu niliiandika ubaoni. Walinakili mbio mbio, na karibu wote wakajibu sawa. Nikasema moyoni, kumbe nafundisha vizuri.

Jumanne mchana, baada ya masomo, nilikuwa kwenye kiwanja cha nyumba na singleti, nafua shati, povu mpaka kwenye viwiko. Nikasikia wimbo. Wamama kama kumi na watano, mama za wanafunzi, wanakuja kwa njia ya soko na mabeseni kichwani: unga, samaki wadogo wa ndakala, chupa ya mawese, kipande cha kitenge kimekunjwa vizuri. Unajua desturi, hata kwenu iko: bibi wa mwalimu haingii kwenye mji kimya kimya. Mama Zaina, ambaye alikuwa amerudi asubuhi ile, alisimama mlangoni mwake na mikono kifuani. Hakuimba.

"Mwalimu, utuitie Mama Mwalimu!"

"Mama Mwalimu gani?"

"Eh! Anataka kutuficha! Batoto balituonyesha mu kaye. Alifika Jumamosi, siku ya posho, na kuku mbili!"

Pale pale ningesema ukweli, tungecheka, ingeisha. Lakini walikuwa wamejipamba, Mama Riziki. Mmoja alivaa viatu vya harusi.

"Amelala," nikasema. "Safari ilimchosha."

Wimbo ukakatika. Wakaweka vidole midomoni. Wakashusha mabeseni polepole, kama mtu anavyomlaza mtoto mchanga, wakaondoka kwa ncha za vidole, wamama wazima kumi na watano, kwenye jua lile. Kama ingekuwa ni kwa mwalimu mwingine ningecheka mpaka nianguke. Yule wa viatu vya harusi alirudi, akaweka mdomo kwenye dirisha langu, akanong'ona: "Mama, lala muzuri. Karibu Baraka."

Niliingia ndani nikakaa kitandani. Povu lilikauka mikononi.

Jumatano prefe, mkuu wa shule yetu, akaniita ofisini. Nyuma ya shule kuna nyumba ya vyumba viwili, imetengwa kwa mwalimu anayekaa na familia. Akanisukumia ufunguo juu ya meza. "Monsieur, Madame anafika, na mimi nasikia ku barabara kama mupita njia?" Nikachukua ufunguo. Hilo nalo liandike kwenye makosa yangu, kama ukurasa bado una nafasi.

Siku ile ile Mama Zaina akaniita kwake kunywa chai. Akanimiminia, akasubiri ninywe nusu.

"Baba Riziki, bibi yako anakohoaka?"

"Namna gani, mama?"

"Mi nauliza tu. Ukuta yetu ni ya udongo, na nyumba ni moya. Miaka tatu nasikia kikohozi moya. Ata sasa ni moya. Ao munakohoaka pamoja?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikaniishia katikati, nikamwambia yote, kuku na beseni na shati.

"Na ju ya nini hakuyi Baraka?"

"Sijui. Nilimwambia akuye. Mwaka wa kwanza nilimwambia, mwaka wa pili nilimwambia, juzi ku simu pia nilimwambia."

"Sikuuliza kama ulimwambia. We ni mwalimu wa maulizo. Ye ulisha kumuuliza?"

Nikamaliza ile nusu iliyobaki. Akaniongezea chai bila kunitazama, kwa heshima.

Mama Riziki, nimefikiri tangu siku hiyo. Nakumbuka jioni nilipopata kazi hii. Nilitangaza mbele ya wageni, mbele ya kaka yako na mzee wa kanisa, kwamba naenda Baraka mwaka mmoja, kisha utanifuata. Wewe ulisikia pamoja na wageni, umesimama na sinia ya chai mikononi. Ukaiweka chini, ukanipa mkono wa pongezi kama wao. Mimi nikahesabu kwamba umekubali. Mwaka mmoja umekuwa mitatu. Mara ulisema mguu wa mama, mara mihogo, mara barabara, na mimi hapa nilikuwa nasema moyoni, mwanamke huyu ana visingizio. Nawatungia watoto wa watu maswali matano kila wiki, na kwako sijatunga hata moja.

Alhamisi nilisimama mbele ya klasi nikawaambia kwamba teksti ile ilikuwa uongo, bibi yangu hakufika. Safi akanyoosha mkono.

"Basi Mwalimu, ile swali nilikosa, nilikosa ku uongo? Unirudishie point yangu."

Wakacheka, na mimi nikacheka, nikamrudishia. Wengine walipotoka alibaki akifungafunga kaye zake. Akasema, bila mchezo: "Usituandikie tena hivyo. Sie tunasomaka ju tujue muko namna gani."

Nikaenda kwa wamama, nyumba kwa nyumba, mchana mzima. Mmoja alicheka mpaka akashika nguzo. Mwingine alinitukana kidogo, kwa haki. Nilitaka kurudisha unga, wakakataa: "Unga haina kosa, Mwalimu. Kula." Yule wa viatu vya harusi ndiye aliyeuliza, "Na kama hakuyi kabisa?" Wenzake waliokuwa kwake wakamtazama vibaya. Nikasema sijui. Lilikuwa jibu langu la kwanza la kweli kwa wamama wale.

Mwisho nikampelekea prefe ufunguo. Alinitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anatafuta adhabu na hakuiona kwenye kanuni. "Kaa nao mpaka mtihani uishe," akasema. "Andikia Madame. Akikuya, nyumba ni yenu. Asipokuya, naipa mwalimu wa hesabu." Huyo mwalimu wa hesabu alikuwa analala na bibi na watoto wanne kwenye chumba kimoja, kidogo kuliko changu.

Nilikaa kukuandikia. Nikaandika, "Mama Riziki, njoo upesi, nyumba imepatikana." Nikalitazama hilo neno "njoo". Ni lile lile la miaka mitatu, safari hii limevaa paa na vyumba viwili. Nikachana karatasi.

Leo baada ya ibada nilimwomba prefe ruhusa, nikapeleka ufunguo kwa familia ya mwalimu wa hesabu. Bibi yake aliingia akahesabu vyumba kwa sauti, kimoja, viwili, akatoka nje, akaingia tena akahesabu upya. Kwa hiyo usinisikie vibaya: nyumba haiko. Nilicho nacho ni chumba chenye ukuta wa udongo na jirani anayehesabu vikohozi vyangu. Sina kitu cha kukuvutia nacho, na ndivyo ninavyotaka iwe.

Mtihani wa mwisho ukiisha, nitapanda pikipiki, kama barabara iko shwari. Nitalala Fizi, na siku ya pili nitakuwa kwenu. Prefe anataka kujua kama nitafundisha mwaka ujao. Nilimwambia jibu halijulikani hapa Baraka, liko Kilembwe. Nakuja kukuuliza kama unataka tukae pamoja, na kama unataka, ni wapi. Ukisema ni huku, tutatafuta chumba. Ukisema ni huko, nitarudi shule ya msingi ya huko, nilikofundisha zamani, na chaki yangu, wala sitanuna, ao nitanuna siku chache tu, unanijua. Na kama kwa miaka hii mitatu umeona kwamba nyumba inakwenda vizuri bila mimi, sema pia. Hilo ndilo ninaloliogopa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Lakini afadhali nilisikie kwako kuliko kuendelea kukutunga.

Msalimie mama mukwe, aliyenipa binti yake akaniambia nisimharakishe, nikasahau. Msalimie kaka yako mkubwa, shahidi wa ndoa yetu. Msalimie jirani wetu wa kinu, anayekusagia unga kwanza hata ukifika mwisho. Riziki, najua unachungulia: soma, na ule maharagwe.

Nikifika, usinipikie, wala usimtume mtoto kunipokea mzigo. Nitakaa nje, kwenye kiti cha wageni, niangalie mlango. Usiseme karibu kwa sababu ya watu. Kama itachukua siku nzima ichukue. Nitangoja uniite ndani wewe mwenyewe, kwa jina langu.

Ni mimi mume wako,
Baba Riziki