Picha Moja Iliyobaki

Mjukuu wangu Magesa,

Hapa Mukendo tu wazima. Bibi yako anakusalimu, anasema unapiga picha za watu wote ila yako hututumii. Umeniuliza utampigaje picha mwanamitindo wako wa kwanza nje ya studio. Hapo umeuliza fundi! Enzi za vijiji vya ujamaa nilikuwaga na kamera, Musoma nzima ikanijua. Haya, nusu yake.

Ila siku ya kwanza kutoka studio niliaibika. Mama mmoja wa Suguti alitaka picha ya kumtumia mwanawe aliyekuwa jeshini. Nikamsimamisha juani saa sita. "Cheka, mama!" Akakaza uso kama yuko gwaride, macho kayafumba. Nikapiga, nikapiga, filamu ikabaki na picha moja.

"We kijana," akasema, "nimchekee nani? Hicho kisanduku?"

Nikaiweka kamera chini. Nikangoja jua lipoe na ng'ombe warudi. Alipoketi kukamua nikamuuliza, "Mwanao angekuwa hapa ungemwambia nini?"

"Ningemwambia akamue yeye, mgongo unaniuma!" Akacheka mwenyewe. Hapo nikapiga.

Nikasubiri sifa zangu. Barua ya mwanawe ilipofika, picha hakuitaja kabisa. Aliuliza tu, "Mama, nani anakusaidia kukamua?"

Sijapiga nyingine ikaifikia hiyo. Muulize kwanza huyo binti habari za kwao, kamera itangoja.

Babu yako, fundi wa Musoma nusu.