Anayefungua Maji

Mitunguu,
11 Mei 2025

Mpendwa Winrose,

Hujambo huko Embu? Baridi haijakumaliza? Huku sote wazima, joto ni lile lile la Mitunguu, na Mama anasema ule ushibe, usigawe githeri yako ndio upendwe. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe akija kuuza ndizi soko la Embu Alhamisi. Mwalimu wa zamu akiifungua kabla yako, basi na yeye nampa salamu zake.

Winrose, kamati ya maji imekubali! Ile programu tuliyotengeneza likizo ya Aprili kwa laptop ya kanisa, ya kumtumia kila mkulima meseji zamu yake ya maji ikikaribia, wataijaribu mwezi wote wa Juni. Mzee Njoka, ambaye ametembea kando ya paipu miaka yote akipuliza filimbi kuita watu, ameambiwa apumzishe magoti kwanza. Ikifanya kazi, wataishika iwe ya kudumu. Na wakiishika, nina kitu cha kuonyesha kile kituo cha vijana cha Kinoru. Unakumbuka walivyosema? Nafasi za mafunzo ya kompyuta ni za vijana wenye kitu ambacho watu wanatumia kweli. Mahojiano ni Julai. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Tangu nimalize kidato cha nne ninachofanya ni kukata ndizi na kuangalia video za watu wakicheza dansi mpaka macho yaume.

Sasa shida. Mwenyekiti, Mzee Kaburu, aliniona njiani akaniuliza, "Wewe ndiye yule mwingine? Yule dada yako wa kuongea yuko wapi?" Nikamwambia uko shule. "Na nani ataelezea watu hii kitu?" Nikasema, "Nitauliza." Hata sijui nilikuwa nimwulize nani.

Wacha nikuandikie kitu unachokijua lakini sijawahi kukitamka. Nikienda dukani nasimama kando mpaka watu wote wanunue waondoke, ndio niseme nataka mkate. Jana ukaisha nikiwa nimesimama pale. Kwa simu mimi ni mtu mwingine, naandika, nafuta, naandika tena, na hakuna anayeniona nikifuta. Lakini mtu akisimama mbele yangu maneno yanarudi chini. Kwenye ile kamati uliongea wewe, mimi nilikaa nyuma yako nimeshika chaja.

Niandikie maneno. Nitayashika kwa kichwa niyaseme.

Dada yako mkubwa (kwa miaka tu),
Kathure

*

Embu,
21 Mei 2025

Kwako Kathure,

Kulingana na kitabu cha insha nafaa kukuuliza kama u buheri wa afya. U buheri? Mimi ni buheri isipokuwa meno, mahindi ya githeri ya huku yamekataa kuiva kabisa. Mwambie Mama ndizi alizoleta ziliisha kabla nifike bwenini. Madam wa zamu alichukua mbili akasema ni ukaguzi.

Nimeruka mpaka nikaambiwa nitoke darasani. Wamekubali! Na hiyo ya mkate, aki Kathure. Umri wa miaka kumi na nane, unashindwa na mkate.

Haya, maneno ndiyo haya. "Hamjambo wote. Mimi ni Kathure. Maji yenu yakikaribia, simu yenu itawaambia. Mtafungua, mtanyunyizia, mtafunga, hakuna kugombana tena. Asanteni." Halafu keti. Mtu akiuliza swali, tabasamu kama unajua jibu, kwa sababu kweli unalijua. Programu yote uliandika wewe, mimi nilikuwa mdomo tu.

Niletewe habari njema.

Mdogo wako,
Winrose

*

Mitunguu,
11 Juni 2025

Mpendwa Winrose,

Natumai uko sawa na kile kifua Mama alisema kinakusumbua kimepona. Mama ni mzima. Mimi kusema kweli siko.

Maneno yako niliyasema, hata kama niliyasema nikiangalia mbuzi wa Mzee Kaburu. Watu walipiga makofi. Wiki ya kwanza ya Juni meseji zikatoka zote, kila moja kwa wakati wake, na hapa kwetu Mama akapata yake akaenda akafungua. Nikalala nikijiona mtu.

Kumbe huko bloku ya tatu, yale mashamba ya kina Mama Lennox, hakuna aliyefungua. Maji yalipita shamba baada ya shamba yakaenda zake, na ukikosa zamu yako unangoja mpaka bloku zote ziishe. Migomba michanga ya Mama Lennox imekunja majani kama miavuli.

Unajua kwa nini? Namba nilizopewa na kamati ni za wanachama, na wanachama ni wanaume, kwa sababu mashamba yako kwa majina yao. Baba Lennox ni dereva Nairobi. Meseji ilimpata kwa jam, akajibu, "Asante sana. Nani mwenzangu?" Njura yuko ofisini Kinoru, huja mwisho wa mwezi. Mzee Rwamba alikufa mwaka jana na laini yake iko na kijana wake Embu. Wanaofungua maji ni wake zao na mama zao, na hao hakuna aliyewaambia kitu. Mzee Njoka na filimbi yake hakuwa na shida hiyo, aliyekuwa shambani ndiye alisikia. Na mimi sikufikiria, kwa sababu tangu Baba atutoke shamba letu liko kwa jina la Mama. Nilidhani kila nyumba ni kama yetu.

Mama Lennox alikuja hapa langoni. "Wewe mtoto wa simu! Toka nje unieleze hizo migomba zitakunywa meseji?" Nilijifungia kwa chumba. Mama ndiye alimjibu. Nilisikia kila neno na sikutoka.

Mwenyekiti anasema mkutano ni tarehe tano Julai, na kama mambo ni haya wanamrudisha Njoka na filimbi. Hapo na Kinoru nimekosa.

Kinachotakiwa nakijua. Ni mtu azunguke bloku ya tatu awaombe wale wamama namba zao. Lakini unajua huku. Kumwomba mke wa mtu namba, uanze kumpigia habari za shamba ambalo liko kwa jina la bwana yake, utaambiwa unapita nyuma ya mwenye boma. Hiyo inataka mtu wa kuchekesha watu kwanza. Inakutaka wewe. Njoo likizo fupi ya midtam, siku moja tu itatosha. Nitatembea nyuma yako nikiandika.

Nakungoja,
Dada yako Kathure

*

Embu,
18 Juni 2025

Dada Kathure,

Pole. Pole sana, na umwambie Mama asichoke kwa sababu yetu.

Midtam siji. Kwaya imeingia mashindano ya mkoa na tunabakizwa kwa mazoezi. Nilimwomba Madam, nikalia hata, akasema sauti ya kwanza haiwezi kwenda nyumbani kuangalia ndizi.

Na maneno ya kukuandikia mara hii sina. Nimejaribu, nimerarua karatasi. Sijui mashamba ya bloku ya tatu yanafuatana vipi, sijui mvua iliacha lini. Nikikuandikia hotuba itakuwa ya uongo. Wewe ndiye unajua. Nenda ukaseme unachojua, hata kama utakisema vibaya.

Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Winrose

*

Mitunguu,
22 Juni 2025

Winrose,

Salamu. Nimepata barua yako. Kusema ni rahisi kwa mtu anayeimba sauti ya kwanza.

Kathure

*

Embu,
11 Julai 2025

Dada yangu Kathure,

Uko mzima? Mama amekuja Alhamisi mbili mikono mitupu. Ya kwanza nikamwuliza barua iko wapi, akasema, "Yuko shambani." Shamba lipi? "La watu." Ya pili akasema una kazi. Kazi gani? Akacheka akaniachia ndizi. Mama yetu akiamua kunyamaza ni mbaya kukushinda.

Mkutano ulikuwa Jumamosi. Walisema nini? Wamemrudisha Mzee Njoka? Nimekuwa nikisoma ile barua yangu kwa kichwa na naona ilitoka kali. Nilikuwa naogopa kidogo kwamba utanitegemea milele, halafu siku nisipokuwepo ukose hata mkate. Nilifaa kusema hivyo badala ya kusema mambo ya kurarua karatasi.

Kwaya tulikuwa wa tatu. Sikufurahi vile nilidhani.

Niandikie hata matusi.

Mdogo wako,
Winrose

*

Mitunguu,
20 Julai 2025

Mpendwa Winrose,

Hujambo mdogo wangu? Wa tatu ni wazuri, wacha kulialia. Huku sote tuko salama na Mama anakusalimia huku akicheka, sasa utajua ni kwa nini.

Nilikuwa na hasira na wewe siku nzima. Kesho yake nikachukua kisu nikaenda kwa Mama Lennox. Nilijiambia nitasema pole nikimbie. Nikamkuta akikata majani makavu ya migomba, hakugeuka. Basi nikaanza kukata na mimi mstari wa pili. Tukaenda hivyo, yeye huku mimi huku, majani katikati. Na Winrose, mdomo ukafunguka! Kumbe mtu asiponiangalia usoni na mikono ikiwa na kazi, naongea. Nikamwambia kila kitu, nilivyokosea, kwa nini nilikosea, hata nilivyojificha. Nikamwomba namba yake.

Akasimama. "Laini yangu mimi?"

"Ndiyo, Mama Lennox."

"Nimelima hapa tangu Lennox akiwa mgongoni. Kamati haijawahi kuniuliza kama niko na simu." Halafu akaitoa kwa leso, akampigia bwana yake hapo hapo, simu ikiwa kwa spika. "Baba Lennox, huyu msichana wa Mama Kathure anataka kunitumia mimi habari ya maji. Ama utakuwa unafungua ukiwa Nairobi?"

Baba Lennox akacheka. "Na huku ninakoishi maji yenyewe hayako! Mpe namba. Lakini na mimi nitumiwe, nisikie niko nyumbani."

Hilo la mwisho ndilo lililonipa jibu. Kutuma kwa wote wawili, mwenye shamba na anayefungua. Hakuna anayepitwa nyuma.

Kutoka hapo nilienda shamba kwa shamba na kisu changu. Sikubisha hodi ya kikao, niliingia nikashika kazi. Nimepalilia, nimebeba mbolea, kwa Mama Ciku nimeosha hadi sufuria. Mama akiniona jioni anasema nimeolewa bloku ya tatu.

Nyanya Kagure wa shamba la mwisho ndiye alinimaliza. "Mjukuu wangu, meseji ni ya wenye macho ya kusoma. Mimi niongeleshe." Na si yeye peke yake, wako wengi. Basi zile saa zangu za kuangalia dansi nikatafuta video za kufundisha jinsi programu inavyoweza kupiga simu na kucheza sauti iliyorekodiwa. Ikawezekana. Ikabaki sauti yenyewe, kwa Kimeru. Nikamwomba Mama, akakataa. Nikamwomba mwalimu wa Sunday school, akasema yuko busy. Unajua ni sauti ya nani ilibaki.

Nilijifunika blanketi nikarekodi mpaka nikakauka koo.

Mkutano sasa. Mzee Kaburu akauliza, "Nani ataeleza?" na Mama Lennox akanisukuma mgongoni mpaka nikajikuta mbele. Mzee Mutugi wa kamati akaanza: "Maji ni ya mwenye shamba. Habari iende kwa mwenye shamba." Nikasema, "Mzee, mwenye shamba ataambiwa. Na anayefungua maji ataambiwa. Wakiwa ni mtu mmoja, ataambiwa mara mbili."

Watu wakacheka, hata yeye. Mzee Njoka akasema kwa nyuma, "Mpeni huyo, filimbi yangu haikuwa inajua kujibu." Mikono ikainuliwa, ya wamama kwanza. Wameishika, Winrose. Siyo ya majaribio tena.

Jumatano nilikuwa Kinoru. Waliniuliza watumiaji wangu ni akina nani, na nilianza na Mama Lennox nikaongea mpaka wakaniambia inatosha, na aliyefuata anangoja. Jana wamenipigia. Nimepata. Naanza Jumatatu ya tarehe ishirini na nane na nitakuwa nalala kwa binamu yetu Mithika na mke wake.

Kwa hivyo ukifunga shule hutanikuta, na hii ndiyo inaniuma kidogo katika furaha yote. Chukua kitanda changu, kile cha dirishani. Alfajiri ya zamu yetu simu ya Mama italia, na yeye huwa yuko nje na ng'ombe. Ipokee wewe. Usiseme haloo, hiyo haijibu. Ni mimi nikiongea. Sikiliza mpaka mwisho, halafu nenda ukafungue maji.

Dada yako mkubwa,
Kathure